Wimbo mmoja, wazazi watatu: Je, kaban inaweza kukulisha Garissa?

Ukitaka kuzua mjadala mrefu ndani ya basi linalotoka Garissa kwenda Nairobi, uliza swali moja tu: huu wimbo wa zamani anaoucheza dereva ni wa nani? Abiria mmoja atakutajia jina la mwimbaji. Mzee wa kiti cha nyuma atasema hapana, wimbo ni wa aliyetunga maneno. Wa tatu atawakatalia wote wawili: bila yule aliyeutafutia sauti kwenye nyuzi, hayo maneno yangebaki shairi tu. Mtafika Mwingi bado hamjaelewana.

Ajabu ni kwamba wote watatu wako sahihi. Wimbo wa mapenzi wa Kisomali kwa kawaida una wazazi watatu. Kuna mwenye midho, yaani maneno. Kuna mwenye laxan, yaani lahani inayobeba maneno hayo. Halafu kuna mwenye cod, sauti ambayo wewe na mimi tunaisikia redioni na kudhani ndiyo mwenye mali. Mara nyingi hao ni watu watatu tofauti, na wanaoupenda muziki huo huwataja wote.

Nakuambia haya kwa sababu kila mwaka vijana wa Kaskazini Mashariki wenye vipaji vya muziki huulizana swali lile lile: nifanye nini nacho? Wengi hujibu kwa kufunga mabegi na kwenda Nairobi kutafuta studio, kila mmoja kivyake, kila mmoja akitaka kuwa staa peke yake. Wacha nikupe wazo tofauti. Tafuta wenzako wawili. Kundi la watu watatu, sauti moja, kaban moja na ngoma moja, ni kazi unayoweza kuianzia hapo hapo Garissa, na ina historia kubwa kuliko unavyodhani.

Klasiki ni nini, kwani?

Ukisikia "muziki wa klasiki", huenda akilini inakujia picha ya Wazungu waliovaa suti nyeusi, fidla, selo na piano. Ni kweli, huko Ulaya kundi la watu watatu ni mtindo unaoheshimika. Haydn, Mozart na Beethoven wote waliandika kazi za piano, fidla na selo, zichezwe kwenye chumba cha kawaida bila kuhitaji ukumbi mkubwa.

Lakini klasiki maana yake si suti. Ni muziki wenye nyimbo zinazorithishwa, wenye kanuni, wenye walimu wanaojulikana na wasikilizaji wanaojua ukikosea. Kwa kipimo hicho, Wasomali wanao wao. Unaitwa qaraami: nyimbo za kaban zilizochipuka miaka ya 1940 na kuendelea, zikiimbwa na watu wachache waliokaa duara sebuleni.

Kaban ndiyo udi. Ukienda Lamu, majirani zetu wa upande wa kusini, utaikuta ndugu yake kwenye taarab. Ina tumbo la mviringo kama nusu ya tikiti, shingo fupi, na kwa kawaida nyuzi 11: jozi tano na uzi mmoja mzito unaosimama peke yake. Haina vile vyuma vya gitaa vinavyokuonyesha pa kuweka kidole, kwa hivyo sikio lako ndilo linalokuambia umefika. Kidole kikiteleza kidogo tu, kila aliye chumbani anajua.

Dereva wa lori na mtoto wa Moshi

Sasa sikiliza watu hawa walikuwa nani, maana hakuna aliyezaliwa staa.

Abdi Sinimo, anayetajwa kama mwanzilishi wa balwo, mtindo mfupi wa nyimbo za mapenzi uliowasha moto miaka ya 1940, alikuwa mtu wa malori. Kazi yake ilikuwa barabara, na nyimbo zake zilisafiri kwa barabara hizo hizo.

Abdullahi Qarshe, ambaye Wasomali wengi humwita baba wa muziki wao wa kisasa, alizaliwa mwaka wa 1924. Unajua wapi? Moshi, Tanganyika, chini ya Mlima Kilimanjaro. Alikulia Aden, na ni huko alikoipata kaban kabla ya kwenda Hargeisa na kuanza kuzitafutia nyimbo za Kisomali nyuzi zake. Kwa hivyo mtu akikuambia kijana wa Afrika Mashariki hana sehemu katika muziki huu, mwambie asome vizuri.

Nyuma ya Qarshe akaja Ahmed Ismail Hussein, maarufu kama Hudeydi, mzaliwa wa Berbera mwaka wa 1928. Huyu aliitwa mfalme wa kaban. Aliishia London, na huko hakukaa tu akisubiri kualikwa kwenye shoo. Alifundisha, na vijana wa Kisomali waliozaliwa ughaibuni walikaa mbele yake kujifunza. Alifariki Aprili 2020, akiwa mmoja wa wale waliochukuliwa na Covid-19.

Hapo ndipo penye uchungu. Mwalimu wa kaban akienda, anaenda na vitu ambavyo havijaandikwa popote: jinsi ya kulijibu neno la mwimbaji kwa nyuzi mbili tu, au mahali pa kunyamaza. Kaseti zipo, ni kweli. Kituo cha utamaduni cha Redsea kule Hargeisa kimehifadhi kaseti zaidi ya 10,000, na mwaka wa 2017 kampuni ya Ostinato ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani, Sweet as Broken Dates, ulioteuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Lakini kaseti itakupa sauti tu. Haikushiki mkono na kukurekebisha kidole.

Garissa ina nini?

Usidhani tunaanza na sahani tupu. Wanawake wa Garissa walishatuonyesha njia. Kundi la Gargar, akina mama wa Kisomali kutoka mjini humu, lilirekodi albamu ya Garissa Express na Ketebul Music, studio ya Nairobi iliyoanzishwa na Tabu Osusa ambayo imejijengea jina kwa kurekodi muziki wa asili wa Kenya. Hawakuhitaji kuiga mtu wa Lagos wala Atlanta. Walichukua walichokuwa nacho nyumbani wakakipeleka studio.

Fikiria uzito wa jambo hilo. Kwa Wakenya wengi, jina Garissa lilikwama Aprili 2, 2015, siku ambayo watu 148 waliuawa kwenye chuo kikuu. Hatutaisahau siku hiyo, na hatupaswi kuisahau. Lakini mji una haki ya kujulikana kwa zaidi ya msiba wake. Albamu yenye jina la mji wako inaingia mahali ambapo taarifa ya habari haifiki.

Jingine tulilo nalo ni soko. Harusi! Aroos moja ya Garissa ina sherehe ya kina mama, ina buraanbur, ushairi wa wanawake unaoghaniwa kwa ngoma na makofi, ina wageni kutoka Wajir, Mandera, Eastleigh na hata ng'ambo. Kila aroos inataka muziki. Shida ni kwamba siku hizi anayeitwa mara nyingi ni mtu mmoja na kibodi yake. Anabonyeza, ngoma inatoka kwenye mashine, mwimbaji anashika kipaza sauti, kazi kwisha. Ni bei nafuu na ina kelele ya kutosha.

Utashindana naye vipi? Si kwa kelele. Kundi la watu watatu linauza kitu kingine: ukaribu. Linafaa chakula cha jioni cha wazee, nikahi ya familia ambayo haitaki vurugu, hafla ya kaunti, mkutano wa shirika, mkahawa wa Eastleigh usiku wa Alhamisi. Halihitaji jukwaa wala jenereta. Na ukiishi Garissa unajua jambo hili: stima ikipotea, kibodi inanyamaza. Kaban inaendelea.

Utajifunzia wapi?

Hapa lazima tuseme ukweli. Kaskazini Mashariki hakuna chuo cha muziki ambapo utaingia mlangoni na kuandikishwa darasa la kaban. Ukitaka, itabidi uunganishe njia kadhaa.

Ya kwanza ni wazee. Uliza nyumbani, uliza sokoni, uliza Eastleigh. Mpigaji wa zamani ambaye siku hizi anauza duka huenda akafurahi kuliko unavyofikiri. Usiende mikono mitupu, wala usiende na simu imeinuliwa tayari kumrekodi. Kaa kwanza, kunywa chai, sikiliza. Ruhusa ya kurekodi itakuja.

Ya pili ni shule. Mashindano ya kitaifa ya muziki ya Kenya yalianza mwaka wa 1927, na ni mahali ambapo mwanafunzi wa Garissa anaweza kusikilizwa na waamuzi wanaojua kazi. Chini ya mtaala mpya, shule ya sekondari ya juu ina mkondo wa sanaa na michezo, ambamo muziki ni somo kamili. Kama mdogo wako yuko karibu kuchagua mkondo, msimkatie tamaa kabla hamjauliza shule ipi inao.

Ya tatu ni vyuo. Nairobi kuna Kenya Conservatoire of Music, iliyofunguliwa mwaka wa 1944, ambako utajifunza kusoma na kuandika noti. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries, kilichoanza mwaka wa 2002, na huko udi ni somo halali kabisa, pamoja na kanuni na fidla. Kwa nini ujifunze noti wakati wazee hawakuzijua? Kwa sababu ukiweza kuandika laxan kwenye karatasi, umeiokoa, na pia unaweza kuthibitisha ni yako.

Na kama unadhani mafunzo ya aina hii ni ya watoto wa matajiri, tazama Korogocho. Mradi wa Ghetto Classics ulianza huko mwaka wa 2008, karibu na dampo la Dandora, ukiwapa watoto wa mtaa fidla na tarumbeta. Baadhi ya waliojifunza wakawa wenyewe walimu wa walio chini yao. Hiyo tayari ni kazi, na imetoka mtaani.

Chombo chako, na jua la Garissa

Ukienda kununua kaban iliyotumika, usidanganywe na rangi. Ishike kama unayelenga shabaha, uitazame shingo kutoka mwisho hadi mwisho: ikipinda, iache. Zungusha vigingi vya nyuzi. Kikiteleza kila mara, utakesha ukirekebisha sauti badala ya kupiga. Pitisha kidole kwenye ubao wa juu ukitafuta nyufa.

Halafu kumbuka unaishi wapi. Joto kali na hewa kavu ni adui wa mbao nyembamba. Usiiache kamwe kwenye buti la gari wala juu ya basi safarini. Iweke kwenye mfuko wake, mbali na dirisha, na ulegeze nyuzi kidogo kama hutaipiga kwa wiki kadhaa.

Haya, tuongee doo

Kundi la watu watatu huvunjika kwa sababu mbili: pesa na jina. Zote mbili zina dawa, na dawa yenyewe ni karatasi.

Tuanze na pesa. Chukua hesabu ya mfano. Tuseme mmelipwa Sh40,000 kwa aroos moja. Toeni kwanza gharama: usafiri Sh6,000, kukodi kipaza sauti Sh4,000. Zimebaki Sh30,000. Usigawe kwa tatu! Gawa kwa nne. Kila mmoja anachukua Sh7,500, na fungu la nne ni la kundi lenyewe. Hilo ndilo linalonunua nyuzi, linalokarabati ngoma, linalolipia siku ya studio. Baada ya kazi kumi za aina hiyo mna Sh75,000 ambazo hakuna aliyezila. Kundi lisilo na fungu la nne hufa siku uzi unapokatika.

Sasa jina. Mkitunga wimbo mpya, andikeni siku hiyo hiyo: maneno ni ya nani, laxan ni ya nani, sauti ni ya nani, na mgao ni upi. Wekeni tarehe na sahihi. Mnaweza kusajili kazi na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, kupitia mtandao. Mtunzi ana haki zake. Anayeimba au kupiga chombo kwenye rekodi naye ana haki zake, hata kama hakutunga neno lolote. PRISK iliundwa kwa ajili ya watu kama hao. Mpiga ngoma wengi hawajui hili, wanalipwa chakula cha mchana na kurudi nyumbani.

Na nyimbo za zamani je? Usidhani wimbo ukishazeeka umekuwa wa bure. Sheria ya Kenya hulinda utunzi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukitaka kurekodi qaraami ya bingwa fulani na kuiuza, mtafute mwenye haki au familia yake. Hata pale usipodaiwa hata senti, taja majina. Wazee walitaja wazazi wote watatu wa wimbo. Wewe unaweka jina lako peke yake mtandaoni kwa nini?

Swali la mwisho la pesa: je, shoo pekee zitakulisha? Kwa miaka ya kwanza, usitegemee. Wala usione aibu. Kundi la Beaux Arts, mojawapo ya yale maarufu zaidi duniani la piano, fidla na selo, lilianza mwaka wa 1955 na kumaliza safari mwaka wa 2008. Katika miaka hiyo 53 wapiga fidla na selo walibadilika, lakini mpiga piano alibaki mmoja, Menahem Pressler. Na miaka yote hiyo alikuwa pia mwalimu wa chuo kikuu huko Indiana, Marekani. Hudeydi alifundisha London. Sinimo alikuwa mtu wa lori. Kufundisha watoto watatu wa jirani siku za Jumamosi si dalili kwamba umeshindwa. Ni sehemu ya kazi yenyewe.

Hooyo atasema nini?

Wacha tusijifanye hatujui. Katika nyumba nyingi za Garissa, ukiingia na kaban mkononi hutapigiwa makofi. Wapo wazazi na masheikh wanaoamini ala za nyuzi hazifai, na hiyo ni imani yao, si ushamba. Msichana ana mlima mrefu zaidi: ataulizwa ataimba wapi, mbele ya nani, na atarudi na nani usiku.

Usifiche. Siri ya muziki hutoboka kwenye simu ya binamu kabla hujamaliza shoo ya pili. Ongea nyumbani mapema, na uende na majibu: ratiba, mahali, malipo, nani anawasindikiza. Wapo waliopata njia ya katikati. Kundi la wasichana watatu linaweza kuanza na buraanbur, sauti na ngoma pekee, katika sherehe za wanawake ambako hakuna anayewauliza maswali. Mvulana anaweza kuanza na maneno tu, maana ushairi una heshima kwa Wasomali wote, hata kwa wasiotaka kusikia uzi. Na kama jibu la nyumbani ni hapana, hilo ni uamuzi mzito wa kuubeba, na hakuna makala itakayokubebea. Ujue tu kwamba midho, laxan na cod ni kazi tatu. Huenda moja kati ya hizo mlango wake uko wazi.

Anza na tatu

Kwa hivyo usingoje lebo. Wiki hii tafuta mmoja anayeandika vizuri na mmoja mwenye mkono wa ngoma au nyuzi, kama wewe ni wa sauti. Chagueni nyimbo tatu za zamani, na kwa kila wimbo tafuteni majina ya wazazi wake wote kabla ya kuugusa. Nendeni kwa mzee mmoja awasikilize na kuwakosoa. Mkikosolewa, shukuruni, rudini tena Jumamosi ijayo. Zikishakaa sawa hizo tatu, tungeni moja yenu, ya Garissa ya leo: ya mto Tana ukifurika, ya foleni ya soko la ngamia, ya rafiki aliyehama. Siku ya kuirekodi, andikeni majina yenu yote matatu kwenye karatasi moja, na mmoja wenu aihifadhi mahali pasipofika maji.